Kwa nini Iniesta alipendwa kuliko wenzake? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Iniesta ni nani, kwa sisi tulioanza kutazama mpira juzi juzi?

Andrés Iniesta ni kiungo Mhispania aliyezaliwa tarehe 11 Mei 1984 Fuentealbilla, kijiji cha mizabibu katika mkoa wa Albacete. Mwaka 1996, akiwa na miaka 12, alionekana kwenye mashindano ya watoto ya Brunete karibu na Madrid, akachukuliwa kwenda kuishi La Masia, bweni la vijana wa Barcelona. Mwenyewe amesimulia mara nyingi jinsi alivyolia siku za mwanzo kwa kuwakumbuka wazazi. Mwaka 2002 Louis van Gaal alimpandisha timu ya wakubwa. Alipoondoka mwaka 2018 alikuwa amecheza mechi 674 na kubeba makombe 32. Timu ya taifa aliichezea mara 131 na kutwaa Euro 2008, Kombe la Dunia 2010 na Euro 2012. Alitangaza kustaafu Oktoba 2024.

Hakuwa na mbio wala misuli, na nywele zilimtoroka mapema. Ukimkuta benki ungedhani ndiye karani. Ila mpe mpira katikati ya mabeki wawili: anausogeza toka mguu wa kulia kwenda wa kushoto kama mtu anayehamisha kikombe cha chai toka mkono huu kwenda ule, na chai haimwagiki. Wewe unashtuka keshapita.

Mnaposema "alipendwa kuliko wenzake", mnapima kwa nini?

Tunapima kwa masikio. Umaarufu unahesabika: wafuasi Instagram, jezi zilizouzwa, matangazo ya biashara. Kwa vipimo hivyo Iniesta hakuwa wa kwanza hata Hispania kwenyewe. Sergio Ramos anamzidi wafuasi.

Kupendwa ni jambo jingine. Mashabiki wako kukupenda ni haki yako, wamelipa kiingilio kwa ajili hiyo. Sikiliza uwanja wa mpinzani wako wanakufanyia nini unapotolewa nje. Kwa kipimo hicho sijaona Mhispania wa kizazi chake aliyemkaribia, na kizazi chenyewe kilikuwa na Xavi, Casillas, Puyol, Ramos, Villa, Torres na Piqué.

Ni kweli Santiago Bernabéu walimpigia makofi?

Kweli kabisa. Ilikuwa 21 Novemba 2015, Barcelona inashinda 4-0 nyumbani kwa Real Madrid, na goli la tatu alilifunga yeye kwa shuti kali. Dakika za mwisho kocha akamtoa, akaingia Munir. Sehemu kubwa ya uwanja ikasimama na kupiga makofi. Miaka kumi nyuma yake, Novemba 2005, uwanja uleule ulimfanyia hivyo Ronaldinho.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam, chukua shabiki wa Yanga kindakindaki, timu yake imekula nne kwa Mkapa, halafu asimame kwa hiari yake kumpigia makofi kiungo wa Simba aliyewafunga. Umeona ugumu wake?

Basi kwa nini kila mtu anasema ni kwa sababu ya goli la Kombe la Dunia?

Kwa sababu kuna ukweli ndani yake, ila si wote. Tarehe 11 Julai 2010, uwanja wa Soccer City, Johannesburg, Hispania na Uholanzi hawajafungana hadi muda wa ziada. Dakika ya 116 Cesc Fàbregas anapenyeza pasi, Iniesta anautuliza mpira mara moja, anausubiri ushuke, anapiga. Mwenyewe alisema baadaye kwamba wakati ule alisikia kimya. Hispania ikapata Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza.

Goli kama hilo lingemfanya yeyote kuwa shujaa wa taifa. Lakini Torres alifunga goli pekee la fainali ya Euro 2008 kule Vienna dhidi ya Ujerumani, na hakuna aliyemsimamia uwanja kwa uwanja kwa ajili hiyo. Kwa hiyo goli peke yake halitoshi. Tazama alichofanya baada ya kufunga.

Ile fulana ya ndani iliandikwa nini?

"Dani Jarque siempre con nosotros." Yaani Dani Jarque yuko nasi daima.

Hapa inabidi tukae kidogo. Jarque alikuwa beki na nahodha wa Espanyol, klabu ya pili ya jiji la Barcelona na mtani wa Barça. Yeye na Iniesta walifahamiana tangu timu za taifa za vijana. Agosti 2009, Espanyol ikiwa kambini Italia, moyo wa Jarque ulisimama hotelini. Alikuwa na miaka 26.

Msiba huo ulimkuta Iniesta mwenyewe hayuko sawa. Ametamka hadharani kwamba kipindi kile aliugua sonona. Alikuwa ametoka kutwaa makombe yote, anaumia misuli kila mara, na ndani amebaki mtupu. Alitafuta msaada wa wataalamu na amelieleza hilo bila aibu, jambo ambalo wachezaji wa wakati wake hawakulizoea.

Basi kabla ya fainali akamwomba mhudumu wa vifaa wa timu amwandikie maneno yale kwa kalamu ya wino mzito kwenye fulana nyeupe isiyo na mikono. Alipofunga akavua jezi, akakimbilia kona, ulimwengu mzima ukasoma jina la nahodha wa timu pinzani. Refa Howard Webb akampa kadi ya njano, kwa sababu sheria ni sheria.

Desemba 2010 Barcelona ikaenda kucheza nyumbani kwa Espanyol, ikashinda 5-1. Ni kipigo cha aibu mbele ya mtani, na bado Iniesta alipotoka uwanja ulisimama. Pale, kila mechi, dakika ya 21 watu humpigia makofi Jarque kwa sababu ndiyo namba aliyovaa. Ukijua hilo, unaelewa walikuwa wanamshukuru nani na kwa nini.

Usiku ule wa fainali ulikuwaje huku Afrika Mashariki?

Mechi ilianza saa tatu na nusu usiku kwa saa zetu, na goli likaingia inakaribia saa sita. Wengi tulikuwa vibandani na kwenye baa, maana lilikuwa Kombe la Dunia la kwanza kuchezwa Afrika na kila mtu alijiona mwenyeji.

Na kuna watu hawakuliona goli hilo. Usiku huohuo mabomu yalilipuka Kampala, kwenye mgahawa wa Ethiopian Village na kwenye Kyadondo Rugby Club, watu wakiwa wamekaa wanatazama fainali. Waliuawa zaidi ya 70. Al-Shabaab wakasema ni wao. Mganda ukimtajia dakika ya 116 ya Johannesburg, usishangae asipotabasamu.

Hakuna uwanja uliowahi kumzomea?

Upo: San Mamés, kwa Athletic Bilbao. Septemba 2010, miezi miwili tu baada ya fainali, beki wao Fernando Amorebieta alimchezea rafu Iniesta akaonyeshwa kadi nyekundu. Wenyeji wakaamini Iniesta amekuza mambo, wakapoteza mechi 3-1, na tangu siku hiyo kila akigusa mpira Bilbao ni miluzi, miaka nenda rudi. Aliyewapa nchi Kombe la Dunia!

Mimi ile rafu niliiona, na ilikuwa mbaya. Lakini shabiki akiamua kuweka kinyongo, marudio ya televisheni hayamsaidii. Nawapenda watu wa Bilbao kwa hilo: wanatukumbusha kwamba makofi ya kwingine kote hayakuwa ya lazima.

Kwa nini si Xavi, kiungo mwenzake wa Barcelona? Wengine wanasema alikuwa bora zaidi.

Kwa uchezaji, ubishi huo hauishi na sitaumaliza hapa. Xavi ndiye aliyekuwa anapanga mechi iende kasi gani. Kupendwa ni habari nyingine. Xavi alikuwa anasema. Barça ikikwama, angeeleza kwamba wapinzani hawakutaka kucheza mpira, au nyasi zilikuwa ndefu. Mara nyingi alikuwa na hoja, lakini aliyefungwa hapendi kufundishwa. Baadaye, akiwa Qatar, mwaka 2017 alitoa maoni yake wazi kuhusu kura ya maoni ya Catalonia kujitenga na Hispania, na nusu ya Hispania ikampa mgongo.

Iniesta alikuwa mkimya kiasi kwamba mahojiano yake yalikuwa yanachosha. Nasema kwa heshima. Waandishi walitoka na daftari tupu. Ukimya huo ulimlinda: kila shabiki alimjazia maneno anayoyapenda mwenyewe.

Siasa za Catalonia zilihusika kwa kiasi gani?

Zilihusika sana, kuliko watu wanavyokubali. Iniesta si Mkatalunya, ni mtu wa La Mancha, nyanda kavu za katikati ya nchi, kwenye vijiji vinavyojiona ndiyo Hispania yenyewe. Kucheza kwa Barcelona na kutoka kule kulimfanya awe wa pande zote mbili. Mzee wa Toledo anayeichukia Barça bado angeweza kusema "yule ni mtoto wetu".

Sasa muweke pembeni yake Gerard Piqué, mtoto wa Barcelona mjini, mwenye maneno na anayependa utani. Juni 2015, kwenye sherehe za makombe, alimkejeli Cristiano Ronaldo kwa kumshukuru mwanamuziki aliyetumbuiza kwenye sherehe ya kuzaliwa ya Ronaldo. Siku chache baadaye, timu ya taifa ikicheza León, Wahispania walimzomea mchezaji wao wenyewe. Oktoba 2016 kule Albania alikata mikono mirefu ya jezi yake kwa sababu haikumtosha, ukazuka uvumi kwamba ameiondoa rangi ya bendera. Mikono mirefu ya jezi ile haikuwa na rangi hiyo tangu mwanzo! Haikusaidia. Mwaka mmoja baadaye, siku moja tu baada ya kura ya Catalonia, mazoezi ya timu ya taifa pale Las Rozas yalikatizwa kwa jinsi alivyokuwa anatukanwa.

Piqué na Iniesta walivaa jezi zilezile na kushinda makombe yaleyale. Mmoja alitazamwa mikono ya shati kwa darubini, mwingine alisamehewa hata kuifunga Madrid.

Na Casillas? Si ndiye aliyekuwa kipenzi cha taifa?

Alikuwa, na yake ndiyo inayonisikitisha zaidi, maana ni Iniesta aliyegeuzwa chini juu. Iker Casillas, kipa wa Real Madrid na nahodha aliyeinua Kombe la Dunia, alipendwa nje akachokwa nyumbani. Mwaka 2011 mechi za Madrid na Barcelona zilikuwa za ngumi karibu kila mara, na wachezaji wa timu ya taifa walianza kutazamana vibaya. Casillas akampigia simu Xavi wayamalize. Kwa amani hiyo wote wawili walipewa Tuzo ya Mwanamfalme wa Asturias ya michezo mwaka 2012.

Tuzo hiyo Bernabéu haikumsaidia. José Mourinho, kocha wa Madrid, alimuweka benchi Desemba mwaka huohuo, na sehemu ya mashabiki ikaanza kumwita fuko, yaani mtoa siri. Akawa anapigiwa miluzi kwenye uwanja aliokulia. Julai 2015 aliaga akiwa peke yake mbele ya kipaza sauti, analia, kisha akaenda Porto.

Ramos je? Mbona yeye ndiye mwenye wafuasi wengi?

Ramos, beki aliyetamba na Real Madrid, amecheza mechi 180 za taifa, hakuna Mhispania aliyefikia hapo. Alisawazisha dakika ya 93 kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa kule Lisbon 2014. Ana mashabiki duniani kote na wanampenda kwa ukali. Ila upendo wa namna ile unakuja na bili: kadi nyekundu nyingi, na lile tukio la kumuumiza bega Mohamed Salah kwenye fainali ya Kyiv 2018, ambalo toka Cairo hadi Mombasa bado halijasahauliwa. Hata Sevilla alikokulia walimzomea kwa miaka baada ya kuondoka 2005. Iniesta, kwa kulinganisha, miaka yake yote Barcelona hakuonyeshwa kadi nyekundu.

Kwa nini huku kwetu Torres na Fàbregas walijulikana kabla ya Iniesta?

Ligi ya Uingereza. Ndiyo tunayoamka nayo na kulala nayo. Torres alikuwa mali yetu alipokuwa Liverpool, na alipohamia Chelsea Januari 2011 kwa pauni milioni 50, kuna watu mtaani kwetu waliacha kusalimiana. Fàbregas tulimkuza sisi pale Arsenal, ukiwauliza mashabiki wenyewe.

Iniesta wengi walimjua kwa ubaya: 6 Mei 2009, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, Stamford Bridge. Chelsea inaongoza kwa goli la Essien, imenyimwa penalti kadhaa na refa Øvrebø, imebaki dakika za majeruhi. Iniesta anapiga kutoka nje ya boksi, 1-1, Barça inapita kwa goli la ugenini. Drogba anaifokea kamera. Shabiki wa Chelsea wa Magomeni atamlaani refa mpaka kesho, lakini chunguza: Iniesta mwenyewe hamlaani.

Ni kweli watoto wengi walizaliwa Catalonia kwa sababu ya goli hilo la Stamford Bridge?

Ilianza kama utani wa magazeti. Watafiti wakachunguza wilaya mbili za Catalonia, matokeo yakachapishwa kwenye jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ: Februari 2010 uzazi uliongezeka kwa asilimia 16. Wenyewe walitahadharisha kwamba hawawezi kumpa mpira sifa yote.

Alinyang'anywa Ballon d'Or, tuzo ya mwanasoka bora wa dunia?

Mwaka 2010 watatu wa juu walikuwa Messi, Iniesta na Xavi, wote wamekulia La Masia. Messi alipata asilimia 22.65 ya kura, Iniesta 17.36. Mwaka huo makocha na manahodha wa timu za taifa walipiga kura pamoja na waandishi. Kura za waandishi peke yake zingempa tuzo Wesley Sneijder, kwa hiyo anayedai Iniesta aliibiwa na makocha na manahodha ajue foleni ilikuwa ndefu. Mwaka 2012 Iniesta alikuwa mchezaji bora wa Euro na wa Ulaya, akamaliza wa tatu. Aprili 2018, alipokuwa anakaribia kuondoka Barcelona, jarida la France Football, wenye tuzo yao, lilimwomba radhi kwa maandishi.

Kukosa kulimwongezea kupendwa. Mtu aliyepata kila kitu tunamstahi, ila aliyepunjwa kidogo akanyamaza tunamtetea. Hispania ilisubiri toka Luis Suárez wa 1960 hadi Rodri wa 2024 kuona tuzo hiyo ikirudi kwa mwanaume.

Kijijini kwake wanamwonaje?

Familia ina kiwanda cha mvinyo Fuentealbilla kilichoajiri watu wa huko. Mwaka 2013 Albacete, klabu ya utotoni mwake, ilikuwa inashushwa daraja kwa kushindwa kulipa mishahara ya wachezaji. Iniesta akakopesha euro 240,000, wakalipwa.

Japani ilikuwaje?

Alikaa Vissel Kobe toka 2018 hadi 2023. Januari mosi 2020 waliichapa Kashima Antlers 2-0 kwenye fainali ya Kombe la Mfalme, taji la kwanza katika historia ya klabu. Ajabu ni kwamba Kobe ilitwaa ubingwa wa ligi mwaka 2023, miezi michache baada ya yeye kuaga. Msimu wake wa mwisho, Emirates Club ya Ras Al Khaimah, Falme za Kiarabu, uliisha kwa kushuka daraja. Tupite.

Lamine Yamal anaweza kumfikia?

Kwa kipaji, anaweza kumpita. Kwa kupendwa, mlima wake ni mrefu zaidi, na haki haimo kwenye ulinganisho huu.

Yamal, winga wa Barcelona, alizaliwa 2007, baba Mmorocco, mama wa Guinea ya Ikweta, na amekulia Rocafonda, mtaa wa wahamiaji pale Mataró. Akifunga anaonyesha 304 kwa vidole, tarakimu za mwisho za posta ya mtaa wake. Akiwa na miaka 16 aliifunga Ufaransa nusu fainali ya Euro 2024 na kurudi na kombe. Oktoba mwaka huohuo, kwenye Bernabéu ileile iliyomsimamia Iniesta, alitupiwa matusi ya kibaguzi hadi polisi wakakamata watu.

Ni kweli pia kwamba Yamal anapenda kuchokoza, hana ukimya wa Iniesta. Lakini Iniesta hakuwahi kuulizwa kwao ni wapi. Ule uso wa kijana wa kijijini kila Mhispania aliuona kwenye albamu ya picha ya familia yake. Yamal akinyamaza, hatasamehewa kwa sababu ya ukimya. Kwa hiyo nikisikia anaambiwa "kuwa kama Iniesta", nauliza: kwa mguu, au kwa rangi?

Mwandishi wa ukurasa huu ni shabiki wa Barça?

Madrid, tangu enzi za Raúl. Ile 4-0 ya Novemba 2015 niliitazama kibanda umiza, kiingilio shilingi 500, saa mbili na robo usiku, benchi la mbao, feni moja mbovu. Lilipoingia la nne nusu ya watu wa jezi nyeupe walikuwa wameshaondoka. Nilibaki kwa sababu ya hela yangu. Iniesta alipotolewa, televisheni ikaonyesha Wahispania wamesimama, na mle ndani watu wa Barça wakaanza kutupigia kelele: "Simameni na nyie!" Mzee mmoja aliyekaa mbele yangu, jezi nyeupe imeandikwa Zidane mgongoni, hakusimama. Aliweka chini kikombe chake cha kahawa, akapiga makofi mawili, akakichukua tena.